Albamu ya Kuwinga Ndege

Mwaka ambao Fausta alipotewa na sauti, kwelea kwelea walifika Usevya wiki mbili kabla ya siku zao. Watu wa kijiji hawakukubali kwamba mambo hayo mawili yalikutana tu. Walisema ndege wamepata taarifa.

Kwa miaka ishirini na sita Fausta alikuwa amelinda ekari yake ya mpunga kwa koo peke yake. Majirani walifunga makopo kwenye kamba, walipasua mijeledi hewani, walirusha mabonge ya tope kwa kombeo. Yeye alipanda juu ya dungu lake, kile kichanja cha miti ambacho mtu hukaa juu yake akayaona majaruba yote ya mpunga, akaita. Wito wake ulikuwa na sehemu tatu. Ya kwanza ilipanda. Ya pili ilikaa huko juu kwa muda ambao mtu wa kawaida angekuwa ameshaona kizunguzungu. Ya tatu ilikatika ghafla, kama kamba ya ndoo, na hapo kwenye kukatika ndipo ndege waliporuka. Jumapili sauti hiyo hiyo aliipeleka kanisani, kwenye sauti ya kwanza, na Gelasius, mwalimu wa kwaya, alimpanga mstari wa nyuma kabisa karibu na mlango ili wengine nao wapate nafasi ya kusikika.

Kisha akaugua koo mwezi wa tisa. Zahanati walimwambia aipumzishe sauti kwa miezi miwili. Ilipumzika miezi saba, na haikuonyesha dalili ya kuamka. Kilichobaki kilikuwa mnong'ono, na watu wakiongea naye walijikuta wananong'ona na wao, hata wakiwa wanauliza bei ya nyanya.

Kijiji kizima kilimwita Mama Maiko. Hakuwa amezaa. Maiko alikuwa mtoto wa marehemu dada yake mkubwa, aliyeletwa Usevya akiwa na miaka mitatu na kikohozi, akalelewa juu ya lile dungu kama wengine wanavyolelewa mgongoni. Fausta alimsomesha mpaka seminari ndogo. Kidato cha tano Maiko akatoka seminari. Angetoka kwa sababu ya msichana, kijiji kingeelewa. Mambo hayo yana njia zake zinazojulikana. Alitoka kwa sababu ya gita.

Alipofika nalo nyumbani, Fausta alisimama mlangoni akasema maneno ambayo, kwa sauti aliyokuwa nayo wakati ule, yalisikika hadi ng'ambo ya mto: "Ukitaka kuingia humu, hicho kitu kibaki nje. Na kikibaki nje, kibaki nje moja kwa moja." Maiko alilitazama gita, akautazama mlango, akaondoka na gita. Hiyo ilikuwa miaka minne iliyopita. Tangu hapo Fausta hakulitaja jina lake, ila aliitikia kila alipoitwa kwalo, mara ishirini kwa siku.

Katikati ya Aprili, Shadrack wa bodaboda alimletea bahasha kutoka Mpanda. Ndani mlikuwa na memori kadi ndogo kama ukucha, na karatasi.

"Mama mdogo, shikamoo. Hii ndiyo albamu yetu, nyimbo nane. Bendi tuko wanne, tunaitwa Kiboko wa Septemba. Tumerekodi wenyewe hapa Kawajense, chumbani kwa Benedikto mpiga ngoma, tumeziba madirisha kwa magodoro. Ni muziki wa roki. Hatuna promota wala meneja. Redio wamesema watatupigia simu. Kabla hatujaitoa nataka nijue watu wa nyumbani wanasemaje. Si lazima usikilize wewe. Wape watu tu. Kama na huko hawataipenda, nitauza gita nirudi kulima. Nakuja mwisho wa mwezi wa tano kuchukua jibu. Mwanao, Maiko."

Fausta alisoma barua mara mbili, na sentensi ya kuuza gita akairudia ya tatu. Kwa miaka minne alikuwa amemwomba Mungu kitu hicho hicho, kwa novena na kwa misa za nia, na Mungu alikuwa amekituma kwa bodaboda. Hakuhitaji kufanya lolote. Angesubiri mwisho wa Mei, angesema, "Hawakuipenda," na kijana angerudi. Wala usingekuwa uongo. Watu ambao hawajasikia kitu hawawezi kusemwa wamekipenda.

Akaichomeka kadi ndani ya kitabu cha sala, kwenye ukurasa wa kuwaombea marehemu. Ndio uliokuwa umefunguka.

Wiki iliyofuata ndege wakaja. Mpunga ulikuwa umeingia maziwa, punje laini ambayo ndege haivunji, anainyonya. Kwelea walitua kwenye jaruba kama shuka linalotandikwa, na liliponyanyuka masuke yalibaki yamesimama wima, mepesi. Fausta alifunga makopo. Ndege walitua juu ya makopo. Alirusha kombeo kwa siku mbili hadi bega likavimba. Jirani yake Ng'washi, mama wa Kisukuma ambaye wazazi wake walihamia Mpimbwe na ng'ombe akiwa binti mdogo, alimpigia kelele kutoka shamba la pili kila alipopata nafasi, lakini na yeye alikuwa na ekari mbili za kwake za kupigia kelele.

Siku ya tatu Fausta alipanda na redio yake ya sola. Taarifa ya habari ndege waliisikiliza kwa utulivu. Mpira uliwaongezea hamu ya kula. Kwaya, na hili lilimuuma, waliichukulia kama muziki wa mezani. Saa nne asubuhi alishuka, akatembea hadi nyumbani, akafungua kitabu cha sala, akarudi na kadi.

Kumfukuza ndege si kusikiliza. Alijiambia hivyo akiwa anaichomeka, na alikuwa mtu wa kuamini anayojiambia.

Wimbo wa kwanza ulianza na gita lililolia kama bati linaloburutwa juu ya jiwe. Wingu lote la ndege lilinyanyuka kwa pamoja, likakata kona, likatua kwa Ng'washi.

"Mama Maiko," Ng'washi akapaza sauti, "umewasha nini huko?"

Fausta akajibu, "Redio," ila hakuna aliyesikia isipokuwa redio yenyewe.

Albamu ilikuwa na dakika arobaini na moja. Ukiianza alfajiri na kuizima jua likizama, inazunguka mara kumi na saba. Redio ile haikuonyesha majina ya nyimbo, ilionyesha namba, kwa hiyo kwa Fausta zilikuwa wa kwanza, wa pili, wa tatu, kama watoto wa nyumba ya watu wasiojulikana.

Mchana ule Ng'washi alikuja na kiporo cha ugali na maziwa ya mgando. Alisikiliza wimbo wa pili na wa tatu akiwa anatafuna.

"Huyu anayepiga ngoma ana ugomvi na mtu," akasema.

Fausta akanong'ona kwamba yeye hasikilizi, anawinga ndege.

"Mimi nasikiliza," Ng'washi akanong'ona. "Huyu mwingine, wa sauti, anaimba kama amekatazwa kulia. Ni watu wa wapi?"

"Sijui."

Ng'washi alimtazama kidogo, akarudi kwenye mgando wake. Alikuwa jirani wa miaka kumi na nane. Sauti ya Maiko aliijua tangu ilipokuwa inaomba miwa.

Gelasius alikuja siku ya nne, kwa baiskeli, kwa sababu kelele zilimfikia akiwa anafundisha zaburi. Alisimama chini ya dungu mikono nyuma, akasikiliza albamu nzima bila kukaa, jambo ambalo hakuwahi kulifanyia hata muziki wa kwake. Mwishoni akatoa hukumu.

"Hawana sauti ya tatu. Wana sauti ya kwanza, wana besi, katikati ni shimo. Na huyu wa ngoma amuungamie padre." Akapanda baiskeli, akashuka tena. "Lakini wa nne una kiitikio kizuri. Maneno yake ningeyabadilisha kidogo, yangefaa Kwaresima."

Wakulima wengine hawakuwa na maoni ya namna hiyo. Waliona kitu kimoja tu, kwamba ndege hawatui kwa Mama Maiko. Ndani ya wiki moja Shadrack alikuwa ameinakili kadi kwenye simu yake, na watu wa Usevya na hadi Majimoto walimsimamisha njiani: "Niwekee ile ya ndege." Hakuna aliyeuliza bendi gani. Dawa ya panya nayo haiulizwi imetungwa na nani. Kufikia katikati ya Mei, ungetembea kwenye kingo za majaruba kutoka mtoni hadi barabara kuu, ungesikia Kiboko wa Septemba wakiwa kwenye wimbo wa pili hapa, wa tano pale, wa nane kwa mzee fulani aliyelala chini ya dungu lake. Mpimbwe nzima haikuwahi kuwa na albamu iliyochezwa kiasi hicho. Na haikuwahi kuwa na albamu iliyosikilizwa na watu wachache kiasi hicho, maana wengi walijiziba masikio kwa pamba.

Fausta hakuwa na pamba. Wiki ya kwanza ilipoisha alijua besi wa wimbo wa pili anachelewa kuingia, na alianza kumchukia binafsi. Wiki ya pili alibishana na maneno ya wimbo wa nne, ambao kumbe ulikuwa barua kwa gombera, yule padre mkuu wa seminari. Kijana alikuwa anamwomba gombera radhi kwa jambo ambalo hasemi, kisha kwenye kiitikio anaiondoa ile radhi, kisha anaiomba tena. Fausta aliona hayo ni malezi mabaya. Kisha akakumbuka nani amelea. Asubuhi moja alijikuta anakoka moto midomo ikiwa inacheza wimbo wa tano, bila sauti, kwa vile sauti haikuwapo. Aliifunga midomo. Ikasubiri ageuke, ikaendelea.

Ndege nao walikuwa na maoni yao. Siku ya sita waliuzoea wimbo wa kwanza. Siku ya kumi walikaa hadi wa sita, wanakula huku wanatikisa mikia. Lakini wa saba hawakuuzoea. Kila ulipofika, dakika ya pili na kidogo, waliruka wote, mara kumi na saba kwa siku, na siku ambazo ndege walizidi Fausta aliipeleka redio kwenye wa saba moja kwa moja na kuirudisha hapo hapo. Hakuelewa kwa nini. Wimbo wenyewe aliuona wa fujo kuliko zote, magita mawili yanagombana na ngoma inaamulia vibaya.

Siku moja upepo ulikata kabisa. Wa saba ukafika dakika yake, na chini ya magita, mbali, kama mtu anayeita kutoka shamba la tatu, Fausta akasikia wito. Sehemu ya kwanza inapanda. Ya pili inakaa. Ya tatu inakatika.

Alizima redio.

 Alikumbuka mtoto wa miaka sita amesimama pale pale kwenye ubao wa tatu wa dungu, kifua mbele, anajaribu kuupandisha wito ule na kuishia kukohoa, na yeye akimwambia, "Rudia." Maneno mengine ya kufundishia hakuwa nayo, hilo moja alilichukua kwa Gelasius. Sasa wito wake ulikuwa umebaki sehemu moja tu duniani, na ilikuwa ndani ya kile kitu alichokikataza mlangoni.

Ndege wakarudi. Akawasha redio.

Kesho yake aliona Ng'washi na mume wake Manyanda wanabeba miti. Walikuwa wamelibomoa dungu lao lililokuwa katikati ya shamba, wanalisimamisha upya mpakani, hatua kumi tu kutoka kwa Fausta. Kwa ulinzi wa mpunga hapakuwa na akili yoyote katika kuhama huko. Manyanda alikuwa na uso wa mtu aliyeshasema hayo tangu alfajiri na kushindwa.

"Na wewe unayo kwenye simu yako," Fausta akanong'ona. "Unasogelea nini?"

"Ya simu ni ndogo, haina besi." Ng'washi alikuwa anafunga kamba. "Kwetu, ngoma mbili zikishindana uwanjani, hakuna anayepanda jukwaani kutangaza mshindi. Wanacheza wakati mmoja, huku na huku. Watu wakianza kuhama wanakwenda upande wa pili, basi, imeisha. Mimi nimehama, Mama Maiko. Mwanao ukimwona mwambie."

Lilikuwa neno la kwanza kumhusu Maiko kati yao kwa miaka minne. Fausta akapanda kwenye dungu lake. Alikuwa na jibu jingine la kuwaza, lile la mwisho wa mwezi.

Maiko alifika tarehe ishirini na nane, saa tisa alasiri, nyuma ya pikipiki ya Shadrack, gita mgongoni. Kuanzia barabara kuu hadi mtoni alikuwa amepita kwenye muziki wake mwenyewe. Kawajense walikuwa wameshasikia habari kwamba Usevya wanaipiga mashambani kutwa, na Benedikto alikuwa ameshaanza kuongea kwa madaha. Alipofika chini ya dungu uso ulikuwa unamng'aa kiasi kwamba Fausta ilibidi atazame mpunga.

"Shikamoo, mama mdogo."

"Marahaba."

Alishtuka kwa ule mnong'ono. Hakuna aliyekuwa amemwambia. "Sauti yako," akasema, na yeye akinong'ona.

"Imepumzika. Panda."

Akapanda, akakaa ubao wa tatu bila kuwaza. Gita alilitegemeza kwenye ngazi, chini. Redio ilikuwa kwenye wimbo wa pili, besi akachelewa, wote wawili wakakunja uso.

"Nimesikia njia nzima," Maiko akasema. "Kila shamba. Hata mzee Martin, ambaye hapendi kitu. Kwa hiyo watu wanaipenda."

Wakati aliokuwa akiusubiri Fausta ukawa umefika. Sentensi ilikuwa mdomoni tayari, fupi, ya kweli kabisa, na mwisho wake palikuwa na kijana amerudi nyumbani na jembe. Hakuwa hata na haja ya kuipandisha sauti.

"Wanawinga ndege nayo," akasema.

Maiko akacheka. Kisha akayatazama majaruba, madungu, redio zilizotundikwa kwenye miti zikiwa zimeelekezwa kwenye mpunga na si kwa watu. Akamwona mzee Martin kwa mbali, na pamba masikioni. Kicheko kikashuka polepole, kama mtu anayeshuka ngazi gizani.

"Wote?"

"Wote. Wanaiita ile ya ndege."

Alihesabu redio wimbo mzima wa tatu. Wa nne ulipoanza akasema, "Basi, jibu nimelipata. Nilisema nitaliuza, nitaliuza. Kuna mtu Mpanda analitaka." Akaanza kushuka.

"Sijamaliza," Fausta akanong'ona.

Akasimama na mguu mmoja kwenye ngazi.

"Wa pili, huyo wa besi anachelewa. Kila mara. Mwambieni au mfukuzeni. Wa tatu ni mrefu, maneno yameisha nyie bado mnapiga. Wa nne, gombera ameshakuelewa kwenye ubeti wa kwanza, acha kumwomba radhi. Gelasius anautaka kwa Kwaresima, usimpe. Wa tano..." Akasita. "Wa tano ni mzuri. Wa sita mngeuacha nyumbani."

Maiko alikuwa amerudi kukaa. "Umesikiliza."

"Nilikuwa nawinga ndege."

"Mara ngapi?"

"Kumi na saba kwa siku."

Kutoka dungu la pili Ng'washi, ambaye hakuwa amealikwa kwenye maongezi hayo, akaongeza, "Na mimi nimehama na dungu zima, mwanangu. Miguu ya Manyanda bado inauma. Uliza watu wako wa redio kama kuna aliyehama hata kiti."

Maiko hakujua acheke au asalimie. Akamwamkia.

"Wa saba," Fausta akasema, na hapa mnong'ono ulizidi kupungua, ikabidi ainamishe kichwa. "Ule wito. Unachelewa kuukata. Unaukata kama mtu anayeogopa kuwaamsha watu. Ndege hawaogopi uzuri wake, wanaogopa unapokatika."

"Nilidhani hutausikia. Tuliuweka chini makusudi, chini ya magita."

"Kwa nini?"

"Nilikuwa sijakuomba ruhusa."

Ndege walikuwa wametua upande wa mtoni. Fausta akaizima redio, akanyoosha kidole kuelekea huko, kisha akakielekeza kwa Maiko. Kijana akasimama kwenye ubao wa tatu, kifua mbele. Alipandisha, akakaa juu, akakata, na akachelewa kukata vile vile. Nusu ya ndege waliruka. Nusu nyingine waliendelea kula. Labda hao walikuwa wamesikiliza sana albamu.

"Rudia," Fausta akasema.

Alirudia hadi jua lilipoanza kushuka nyuma ya mpunga. Mara ya tisa au ya kumi ulikatika sawasawa, na Ng'washi, aliyekuwa anakunja vitu vyake, aliacha kukunja.

Walirudi nyumbani kwenye kingo za majaruba, Fausta mbele na redio, Maiko nyuma. Hakuna aliyetaja kuuza wala kutouza. Mlangoni Maiko alilishusha gita na kuliegemeza ukutani, nje, kushoto kwa mlango, mahali lilipowekewa sheria. Akaingia kunawa mikono. Fausta alikuwa ameinama anachagua mchele, hakuinua kichwa.

"Hicho kitu kikilala nje kitapata umande," akanong'ona. "Kuna nafasi nyuma ya magunia."

Maiko alibaki amesimama, mikono inachuruzika maji, kama mtu anayemngoja besi aingie. Kisha akatoka kulichukua.